Koti la Stesheni Masta: kuhusu minada ya maleba na vifaa vya vichekesho vya televisheni

Mchezo wetu wa kuchekesha wa televisheni ulipofungwa, maleba yake, yaani mavazi ya waigizaji, yaliuzwa kwa magunia. Nilikuwa nimeyatunza kwa miaka sita hapa Kampala, nikiyafua, nikiyapiga pasi na kuyaandika moja moja kwenye daftari, na asubuhi ya siku ya mwisho nilipofika bohari nilikuta magunia saba yamekwisha kushonwa midomo, yakisubiri gari la kwenda Owino, soko kubwa la nguo za mitumba. Sitautaja mchezo wenyewe wala kampuni iliyoutengeneza. Waliouza walikuwa na madeni, mishahara yetu ya miezi miwili ikiwa mojawapo, na mfanyabiashara wa mivumba, kama tunavyoiita mitumba huku, alikuwa amekuja na fedha taslimu. Kilichoniuma hakikuwa bei. Kiliniuma kwamba hakuna aliyefikiri kuuliza kama ndani ya magunia yale mlikuwa na kitu chochote zaidi ya nguo.

Siku ile hunirudia kila ninaposoma habari za minada ya maleba na vifaa vya michezo ya kuchekesha huko ng'ambo. Mnamo Juni 2023, mjini Dallas, Marekani, kampuni ya Heritage Auctions ilinadi mkusanyo wa James Comisar, mtu aliyetumia zaidi ya miaka 30 kukusanya nguo, samani na vifaa vya televisheni akitumaini kuvijengea makumbusho, ambayo hayakujengwa. Kaunta ya baa iliyotumika katika Cheers, kichekesho kilichorushwa kuanzia 1982 hadi 1993, ilinunuliwa kwa dola 675,000. Kwa fedha zetu hizo ni karibu shilingi bilioni 2.5, na kaunta yenyewe ni mbao. Mafundi wa pale Nsambya wangeweza kuchonga inayofanana nayo kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na kwa macho ya mgeni zingekuwa sawa. Aliyenunua hakununua mbao. Alinunua mahali ambapo watu wa kubuni waliegemea viwiko vyao kwa miaka kumi na moja huku mamilioni ya watu halisi wakiwatazama, kila mmoja kutoka kiti chake nyumbani.

Hata hivyo, habari iliyonigusa zaidi kama fundi wa nguo ilikuja mwezi uliofuata. Mwigizaji Alan Alda, aliyekuwa daktari wa upasuaji aitwaye Hawkeye katika M*A*S*H, mchezo wa 1972 hadi 1983 kuhusu hospitali ya jeshi wakati wa vita vya Korea, aliamua kupeleka mnadani buti zake na vile vibati vya jina ambavyo askari huvaa shingoni. Alikuwa amevivaa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, akaondoka navyo, akavihifadhi nyumbani kwa miaka arobaini. Vibati havikuwa na jina la Hawkeye; vilikuwa na majina ya askari wawili wa kweli, watu ambao Alda hakuwahi kukutana nao lakini aliwabeba kifuani kila siku ya kazi. Ndani ya buti, kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika, mtu wa idara ya maleba alikuwa ameandika jina: HAWKEYE. Viliuzwa pamoja kwa dola 125,000, na Alda akazielekeza fedha hizo kwenye kituo chenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, ambako wanasayansi hufundishwa kuzungumza na watu wa kawaida wakaeleweka.

Naomba nikae kidogo kwenye maandishi yale ya kalamu nyeusi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mtazamaji hudhani kwamba mchezo hupigwa picha kwa mpangilio anaouona kwenye televisheni. Sivyo. Asubuhi mnaweza kupiga tukio la mwisho la hadithi na jioni mkapiga la kwanza, na mwigizaji anayetoka mlango mmoja Jumatatu anaweza kuingia chumba cha pili Alhamisi, ilhali kwenye hadithi ni hatua mbili tu. Mtunza maleba ndiye anayejua kwamba kola ilikuwa imekunjika upande wa kulia, kwamba kifungo cha juu kilikuwa wazi, kwamba doa la chai lilikuwa juu ya goti na si chini yake. Kwa hiyo tunaandika. Tunaandika ndani ya kola, kwenye ulimi wa kiatu, kwenye kitambaa kidogo kinachoshonwa ubavuni, na tunaandika kwenye daftari: jina la mhusika, namba ya tukio, tarehe, hali ya vazi. Tunaandika ili kazi ya kesho isiharibike, wala hatuna habari ya mnada. Lakini baada ya miaka thelathini au arobaini, mwandiko huo wa haraka ndio unaobaki kuwa ushahidi.

Ushahidi huo ndio roho ya minada hii. Mnadi akipandisha dau, jambo la kwanza mnunuzi anataka kujua ni kama kitu alichokiona kwenye picha ndicho hicho hasa kilicho mezani, na si pacha wake wala nakala. Wataalamu huchukua picha ya zamani ya mchezo, wakaiweka kando ya vazi, wakalinganisha. Kwa nguo ya rangi moja kazi ni ngumu. Kwa nguo ya mistari au ya miraba ni rahisi zaidi, na kila fundi cherehani anajua sababu: hakuna mikato miwili ya kitambaa inayofanana. Unapokata mfuko na kuupachika kifuani, mstari wa mfuko unaweza kukutana na mstari wa koti sawasawa, au ukapita kando kwa upana wa uzi mmoja, na kosa hilo dogo haliwezi kurudiwa na fundi mwingine hata akijaribu mwaka mzima. Kwenye cherehani tunaliona kuwa aibu. Mnadani ndilo linalothibitisha kwamba vazi ni lenyewe.

Mzee wetu wa mchezo, stesheni masta mstaafu ambaye hakuwahi kukubali kwamba treni ya abiria imekwisha, alikuwa na koti la aina hiyo. Nililinunua Owino kwa shilingi 12,000, la kijivu lenye mistari ya rangi ya damu ya mzee, nikalipunguza mabega na kuuhamisha mfuko wa kushoto uliokuwa umechanika. Kitambaa hakikutosha. Mstari wa mfuko ukapita kando ya mstari wa koti kwa upana wa punje ya mchele. Ndani nikamshonea mfuko wa siri wa kufichia karanga, kwa uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulikuwa umeniishia, na ndani ya kola nikaandika jina la mhusika. Mwigizaji wetu aliongeza lake: alifunga vifungo vikipishana na matundu kwa nafasi moja, tangu kipindi cha kwanza, na watoto wa Kampala wakawa wanafunga sweta zao za shule vivyo hivyo. Michezo mingine huwa na pacha wa kila vazi muhimu, ili moja likilowa lingine livaliwe. Koti la mivumba halina pacha. Lilikuwa hilo moja tu.

Mtu asidhani kwamba kitu kilichonunuliwa kwa mitumba hakistahili heshima. Katika All in the Family, mchezo wa Kimarekani wa 1971 hadi 1979, viti viwili vya Archie na Edith Bunker vilitoka duka la vitu vilivyokwishatumika, kwa dola chache. Mwaka 1978, ilipodhaniwa kwamba mchezo umekwisha, vilipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kisha mchezo ukaendelea, na watengenezaji wakalazimika kuchongesha nakala zilizowagharimu maelfu ya dola, kwa kuwa viti vya dola chache vilikuwa vimekwisha kuwa mali ya taifa. Nakala nazo zina soko lake. Mnada wa vitu vya Friends uliofanyika Septemba 2024, mchezo ulipotimiza miaka 30, uliuza pia kochi la rangi ya chungwa lililokuwa nakala, na lilitangazwa waziwazi kuwa nakala. Uaminifu huo naupenda. Kuuza nakala si kosa, kosa ni kuiita asili.

Mimi nimezaliwa Tororo, kwenye nyumba za reli, ambako baba alifanya kazi na ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa makabila kumi. Jioni mawimbi ya televisheni ya Kenya yalivuka mpaka bila pasipoti, na nyumba yenye runinga ilijaa mpaka madirishani. Tulimwona Mzee Ojwang' na Mama Kayai katika Vitimbi. Tulimwona Ondiek Nyuka Kwota na Tamaa bin Tamaa wakisimama kizimbani katika Vioja Mahakamani. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang', alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi ambao baba yangu, Mjapadhola ambaye lugha yake ni ndugu ya Kijaluo na mwenye masikio ya lafudhi hizo, hakuacha kuushangaa hadi kifo chake. Wanjau alifariki Julai 2015. Na siku chache tu baada ya ule mnada wa Dallas wa Juni 2023 sisi Waganda tulimzika Kato Lubwama, mtu aliyewachekesha watu jukwaani na redioni kabla ya kuingia Bungeni. Nilisikiliza salamu za rambirambi siku nzima. Zilisifu sauti yake, uso wake, ujasiri wake. Mimi nilikuwa nikifikiria kabati lake.

Najua kwa nini wazo la mnada halitujii. Kwetu neno hilo lina harufu ya msiba. Fungua gazeti la New Vision, zile kurasa za matangazo, uone viwanja na nyumba za watu walioshindwa kulipa mkopo, picha ya geti, jina la mwenye mali na siku ya mwisho. Mtoto anayekua akiona kurasa hizo hujifunza kwamba anayepelekewa mnadi amefedheheka. Kwa hiyo watu wa mchezo wetu waliona afadhali kumaliza mambo kimyakimya kwa magunia, kuliko kutangaza mnada na kuonekana wamefilisika. Naielewa aibu hiyo, lakini ilitugharimu. Tungeweza kupanga maleba arobaini kwenye kamba katika ua wa National Theatre, jengo lililofunguliwa 1959 na ambalo kila mwigizaji wa mji huu amekanyaga sakafu yake, tukaweka kando ya kila vazi picha kutoka kwenye kipindi na ukurasa wa daftari langu, tukawaita watazamaji. Wangekuja. Nimekutana sokoni na akina mama walioniuliza habari za gauni la harusi la kipindi cha Krismasi kama wanaoulizia gauni la binti yao. Na kama kungekuwa na vazi moja la kutonadiwa, ningeliomba lipelekwe kwenye Makumbusho ya Uganda pale Kira Road, kwa sababu ninaamini mahali pa kwanza pa kitu kinachopendwa na wengi ni mahali ambapo wengi wanaweza kukiona. Mnada unakuja wa pili. Gunia halimo kabisa katika hesabu hiyo.

Daftari lilibaki kwangu kwa kuwa siku ile lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikwenda Owino mara nne kulitafuta koti, nikipita kwenye vibanda vya makoti ya kiume hadi wauzaji wakaanza kunisalimu kwa jina. Sikulipata. Nililikuta miezi minane baadaye, Kibuye, kwenye steji ya boda boda, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mgongoni mwa kijana aliyekuwa akipangusa kiti cha pikipiki yake kilicholowa umande. Niliuona mfuko kabla ya kuliona koti.

Nilimsalimu, nikamwomba anionyeshe ndani ya kola. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, kwani lina kesi?"

"Halina kesi, mwanangu. Nililishona mimi."

Akalivua taratibu, bado akinitazama. Wino ulikuwa umefifia kwa sabuni lakini jina lilisomeka lote. Uzi wa kijani ulikuwa mzima, mshono haukuachia hata mahali pamoja, na ndani ya mfuko wa karanga alikuwa ameweka leseni yake ya udereva ndani ya karatasi ya nailoni. Alilinunua kwa shilingi 15,000. Nikamwambia nitampa 60,000. Alifikiri, akatazama barabara ya Entebbe ambako ukungu ulikuwa haujaondoka.

"Hili siliuzi, mama. Saa kumi na moja hapa baridi inauma, na hili linazuia upepo. Lakini piga picha kama unataka."

Nikapiga picha sita: kola, mfuko wa nje, mfuko wa ndani, mshono wa bega, mgongo, na ya mwisho akiwa amelivaa, amesimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikatoa daftari, nikafungua ukurasa wa koti, na chini ya tukio la mwisho nililoliandika nikaongeza tarehe, Kibuye, hali nzuri, linatumika. Abiria alikuwa amefika. Kijana akafunga vifungo vyote vinne, kila kimoja kwenye tundu lake, akavaa kofia ngumu, wakaondoka kuelekea mjini.