Lahajedwali la sukari: kumbukumbu ya mradi wangu hadi sasa

Kuanza

Mradi wenyewe ni mdogo: lahajedwali moja ambamo kila kipimo cha sukari ninachopima kinaingia pamoja na mazingira yake. Nina kisukari aina ya pili, na mashine yangu ya kupimia imejaa namba. Inatunza namba na saa, basi. Haijui kama nilikuwa nimetoka kula, nina homa, au nimekesha. Nami ninachotaka kujua ni hicho hasa: sukari ikipanda, imepandishwa na nini?

Kazi ya kwanza ilikuwa kuoanisha vizio. Majibu yangu ya zamani ya maabara yako kwa miligramu kwa desilita, mashine inatoa milimoli kwa lita. Ukigawanya ya kwanza kwa 18 unapata ya pili, kwa hiyo 126 ni 7.0 na 180 ni 10.0. Nimeweka fomula hiyo kwenye safu yake na sasa majibu yote yanasomeka kwa lugha moja. Anayeanza afanye hili kabla ya jingine lolote, maana aliyezoea kuona 7 akikutana na 126 kwenye karatasi anaweza kupagawa bure.

Rangi

Nilitaka namba za juu zijipake nyekundu zenyewe. Swali likawa: juu ya nini? Watu huulizana "sukari yako ngapi siku hizi?" kana kwamba mtu ana sukari moja. 9.4 saa mbili baada ya mlo na 9.4 kabla ya kutia chochote mdomoni ni habari mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo rangi inafuata safu ya "wakati". Kabla ya kula, kijani ni 4.4 hadi 7.2. Saa moja hadi mbili tangu kuanza kula, kijani ni chini ya 10.0. Hayo ndiyo malengo yanayotumika sana kwa watu wazima wasio wajawazito, na ndiyo tuliyokubaliana kliniki kwa upande wangu. Mzee, au mtu ambaye sukari humshuka ghafla, anaweza kupangiwa ya juu zaidi. Mjamzito hupangiwa ya chini. Ukiiga jedwali langu, badilisha mipaka kwanza.

Namba ina upana

Nilipima mara mbili mfululizo, kidole kilekile: 9.1, kisha 9.9. Mashine haijaharibika. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka angalau asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya asilimia 15 ya thamani halisi sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Yaani damu yenye 10.0 inaweza kukuonyesha 8.5 au 11.5 na mashine ikahesabika nzima. Tangu hapo grafu yangu haichori nukta, inachora ukanda, na nimeacha kutafuta sababu ya tofauti ya pointi moja. Ni nafuu kubwa ya akili.

Nimeongeza pia safu ya "mikono". Ukimenya tunda halafu ukajitoboa bila kunawa, sukari iliyo kwenye ngozi inaingia kwenye tone la damu na namba inaruka. Stripu (vile vijikaratasi vya kupimia) zilizopitwa na muda au zilizokaa kwenye unyevu nazo hazifai kuaminiwa. Namba ya ajabu naipima tena baada ya kunawa na kukausha mikono, ndipo naiandika.

Asubuhi

Hapa ndipo jedwali lilipoanza kulipa. Nyekundu zilikuwa zimejipanga asubuhi, kabla sijala. Nilidhani ni chakula cha usiku, lakini nilipopima wakati wa kulala nikapata 7.4, saa tisa usiku 7.1, kuamka 9.2. Katikati hapo sikuwa nimekula kitu. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni kama kotisoli na homoni ya ukuaji, na ini linamwaga sukari kwenye damu kuuandaa mwili kuamka. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha kuizima, kwetu inabaki. Kama ile ya saa tisa ingekuwa imeshuka sana, mazungumzo na daktari yangekuwa mengine, hasa kwa anayetumia insulini. Ndiyo maana nasema kipimo hicho cha usiku, hata kinachosha vipi, kina thamani kuliko vingi vya mchana.

Jibu la HbA1c halikubaliani nami

Maabara imesema HbA1c yangu, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi kadhaa, ni 8.1%. Wastani wa jedwali langu ni 8.6, ambao unalingana na HbA1c ya takriban 7.0%. Kwa 8.1% wastani ulipaswa kukaribia 10.3. Pengo hilo si dogo.

HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye hemoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, jibu linaeleza miezi miwili hadi mitatu, huku mwezi wa mwisho ukiwa na uzito mkubwa zaidi. Upungufu wa damu, selimundu, ugonjwa wa figo au kuongezewa damu hivi karibuni vinaweza kulipotosha. Daktari aliangalia, sina kati ya hayo. Basi nikachuja jedwali kwa saa. Vipimo karibu vyote ni vya asubuhi na kabla ya mlo. Baada ya chakula cha jioni palikuwa patupu. Nimeanza kupima hapo: 13.2, 12.6, 13.8. HbA1c ilikuwa inaziona hizo muda wote.

Mstari wa dharura

Huu hauna grafu, na umekaa juu kabisa ya ukurasa. Mashine ikiandika "HI", sukari imepita uwezo wake wa kusoma, ambao kwa nyingi ni 33.3: kunawa, kurudia, ikibaki vilevile ni hospitali. Sukari ya juu pamoja na kutapika, kuhema kwa kasi au kuchanganyikiwa, ni hospitali bila kusubiri. Kwa wenye mashine ya ketoni (asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta badala ya sukari), 1.5 ni kupiga simu kwa daktari, 3.0 ni dharura. Wanaotumia dawa za kisukari za kundi la SGLT2, zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, wakumbuke kwamba ketoni zinaweza kupanda hata sukari isipokuwa juu sana.

Kinachofuata

Safu ya ugonjwa na dawa nyingine, kwa sababu homa na dawa za steroidi hupandisha sukari hata kwa asiyebadilisha mlo. Pia nachapa ukurasa mmoja wa jioni niupeleke kliniki. Dozi sijaigusa, hiyo nawaachia wao waamue wakishaziona hizo 13.