Picha zetu tulivyozitoa kwenye simu tukazitandika barazani

Zanzibar haijapata kukosa wapigapicha. Pita Forodhani saa kumi na moja jioni, utaona kamera mpaka uchoke, na kila mwenye nayo anasubiri jua lile lile lizame nyuma ya jahazi lile lile. Kinachokosekana ni mtu wa kuitazama picha yako akasema zaidi ya "mashaallah, nzuri". Sisi wapenda kamera wa hapa mjini tulikuwa tukirushiana kwenye simu: asubuhi Darajani, jioni Paje, mmoja karudi Pemba, mwengine katoka Mombasa. Zote zinajibiwa kidole gumba. Wiki ikipita, hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ya nani.

Halafu WhatsApp yenyewe huibana picha ili ipite haraka. Uchochoro wa Kiponda wenye kivuli kizuri, na mtu kakaa humo ndani kivulini, unafika kwa mwenzio weusi mtupu wenye madoa. Dawa yake nyepesi: itume kama dokumenti, itafika ilivyo. Lakini hata ikifika salama, utaitazama kwenye kioo cha upana wa kiganja huku daladala inakurusha.

Nikatoa wazo tusafishe picha. Kwenye karatasi, saizi ya postikadi, kila mtu tano na asizidi, tukutane Jumapili baada ya Alasiri kwenye baraza moja karibu na Sokomuhogo. Wakacheka. "Kusafisha picha zama hizi, ami?" Wakaja hata hivyo. Gharama tuliipunguza kwa kukusanya kazi zetu kwenye fleshi moja na kuipeleka studio kwa mkupuo, kwani kazi ikiwa nyingi fundi hulegeza bei. Karatasi nikashikilia iwe ile isiyong'aa. Nje barazani mwanga ukipiga kwenye karatasi ya kung'aa, aliyekaa ubavuni anaona weupe tu.

Hiyo tano ndiyo iliyotutoa jasho. Mtu kazunguka Michenzani siku nzima, kapanda mpaka ghorofa ya juu ya yale majumba ya miaka ya baada ya Mapinduzi, karudi na mamia ya picha, kisha unamwambia achague tano! Jua na jahazi tuliruhusu moja kwa kikao kizima, na ugomvi wa nani ailete haujesha mpaka leo.

Utaratibu wetu ni kwamba mwenye picha hasemi neno mpaka wengine wamalize. Hapo ndipo husikia kwamba macho ya watu yamekimbilia ndoo nyekundu pembeni, na yule fundi seremala aliyemkusudia hawajamuona kabisa.

Faida kubwa kwangu ilikuwa kutandika picha za mahali pamoja zilizopigwa na watu tofauti. Tulijipa kipande kimoja cha Hurumzi, kila mtu saa yake. Za saa sita mchana, jua lilikuwa limeshuka wima katikati ya njia, ukuta huku na huku umekufa giza, na watu wana vivuli vyeusi machoni. Za saa nne asubuhi zilikuwa kitu kingine: jua lilipiga ukuta mmoja tu wa chokaa, na ukuta ule ukaurudisha mwanga ng'ambo ya pili, laini, bila ya ukali wowote. Tangu hapo nikitaka uso wa mtu Mji Mkongwe namtafutia kivuli kinachokabili ukuta mweupe unaopigwa jua, na flashi inabaki mkobani. Jioni nako tukaona sababu ya kukimbizana. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua linatumbukia karibu moja kwa moja, na ule mwanga wa dhahabu hausubiri mtu abadilishe lenzi.

Baraza nalo lina watu wake. Ukitandika picha kwenye mkeka, wacheza dhumna wanasogea, watoto wa chuoni wanasimama, muuza kahawa anatua dele lake. Mzee mmoja aliinua picha ya mlango, akasoma nyuma yake.

"Nani kaandika mlango wa Kiarabu?"

"Mimi, mzee wangu."

"Huu mtindo wa Kihindi, mwanangu. Tazama juu ulivyoviringa. Ile ya Kiarabu ya zamani juu imenyooka."

Hakuna kidole gumba kitakachokwambia hayo.

Siku nyingine mwenzetu alileta picha ya zamani ya watoto wanapiga mbizi Forodhani. Imepinda, na ukali wake si wa kusifia. Nyuma yao lipo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, kabla halijaporomoka sehemu yake Desemba 2020. Picha ile ilizunguka mikononi kuliko zote za siku hiyo, na kila aliyeishika alikuwa na lake la kusimulia. Kwa hiyo sasa kila picha ina mahali, mwezi na mwaka. Tunaandika kwenye kikaratasi ndipo tunakibandika nyuma, kwani kalamu ikikandamizwa huacha mfereji upande wa mbele. Na wakati wa masika usiziache zimebanana kwenye albamu ya plastiki, zitagandana. Mie nazihifadhi kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vifuko vya punje vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Lenzi pia humo humo, maana unyevu wetu huu unaotesha kuvu ndani ya kioo.

Lililobaki ni la nyuso za watu. Mmoja wetu alikwenda Wete msimu wa karafuu, akaja na picha ya akina mama wamekaa mkekani wanachambua. Dada mmoja aliyekuwa akipita akasimama. "Huyu si bibi yetu wa Wete? Anajua kama yupo hapa barazani?" Mpigaji alikuwa kaomba ruhusa ya kupiga, ya kutandika mbele ya watu hakuiomba. Tukaigeuza picha hapo hapo. Sasa kila sura tunaisafisha mara mbili, na nakala ya kwanza ni ya mwenyewe. Asipoipokea, au akisema iwe yake peke yake, haitandikwi. Hii imetufungulia milango ambayo lenzi ya bei yoyote isingeifungua.

Nakala ya yule bibi ilivuka na jamaa kwa boti. Majibu yakaja kwa simu ya mjukuu: picha kaipenda, tuionyeshe tutakapo, na safari ijayo twende tukampigie na nyumba yake. Ila tusiende sasa hivi, anangoja mtu wa kumpakia chokaa.