Memori kadi naipimia getini, hela haijatoka

Napiga video za harusi Dar es Salaam. Mwaka na nusu sasa sijaingizwa mjini kwa memori kadi, na zote nanunua mtandaoni, bodaboda ananiletea hapa Tabata. Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka kusikia ushauri ule ule ulioniumiza: nunua kwa mwenye wafuasi wengi, angalia ile stika ya hologramu inayong'aa kwenye boksi, bei ikiwa kubwa ujue ni orijino. Nilifuata yote hayo, nikapoteza sendofu ya binti wa watu.

Kadi yenyewe ilikuwa ya GB 128, imeandikwa V30, maana yake inatakiwa kuandika si chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. Nililipa kama 80,000 hivi, bei ya dukani kabisa, kwa hiyo asije mtu kuniambia nilikimbilia vya rahisi. Muuzaji alikuwa na wafuasi maelfu kwa maelfu na sifa kibao chini ya kila picha.

Na sikuipeleka kazini kichwakichwa. Rafiki yangu wa siku nyingi aliniambia, "Wewe ijaze. Ikikubali kujaa, hiyo ni OG." Nikakaa usiku na laptopu, nikamwaga humo kazi zangu za zamani, folda kwa folda, karibu saa tatu. Kompyuta haikulalamika hata mara moja. Mwisho ikaonyesha kadi imejaa, GB 119 na ushee, na hiyo ndiyo hesabu sahihi ya Windows kwa kadi ya 128. Nikafuta vyote, nikaitia kwenye begi, nikalala moyo mweupe.

Jumamosi nikapiga sendofu. Usiku wa manane nimerudi nyumbani, naunganisha kadi: majina ya video yote yapo, ukubwa upo. Nikafungua ya kwanza. Akina mama wa ukoo wanaingia ukumbini na sare zao za kitenge cha kijani, vigelegele, sauti safi kabisa. Ya pili safi. Ya tatu ilikwenda nusu, picha ikaganda, ikavunjikavunjika vijimraba vya waridi. Kuanzia ya nne haikufunguka hata moja. Keki hakuna. Zawadi hakuna. Na hotuba ya baba wa binti, mzee aliyekuwa ametoka kuugua na akasimama kwa kushikiliwa ili amuage mwanawe, hakuna.

Ndani ya ile kadi kulikuwa na kama GB 16 tu za kweli. Kile kichipu kinachoisimamia kimepangwa kusema uongo. Ukikiuliza una nafasi gani, kinajibu 128. Ukiandika ndani ya zile 16, vitu vinakaa. Ukivuka hapo kinapokea, kinasema tayari, halafu kinavitupa au kinaandika juu ya vilivyokuwepo. Orodha ya majina ya faili hukaa mwanzoni mwa kadi, penye nafasi ya kweli, ndiyo maana majina yanabaki wakati video hazipo. Ndiyo maana pia ule usiku wa kujaza haukunisaidia kitu: nilihakikisha kadi inapokea, sikufungua hata faili moja kuona kama imehifadhi.

Asubuhi nilimpigia mama wa binti kabla hajanitafuta. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akanitumia namba za ndugu, nikapiga moja moja kuomba video walizorekodi kwa simu. Hotuba ya mzee nikaipata kwa mjomba aliyekaa meza ya mbele. Ameishika simu wima, mkono unatikisika, lakini maneno yote yapo, hadi pale mzee anapokohoa na ukumbi unampigia makofi. Ada yangu niliirudisha yote.

Muuzaji alinijibu, "Mzigo ukishapokelewa haurudi bosi." Sikumtukana. Nilirekodi video moja isiyokatwa: boksi, namba iliyoandikwa kwenye kadi, ujumbe wa muamala, halafu kipimo kikionyesha kadi imefeli. Nikamtumia, nikamwambia video hiyo hiyo naipeleka Tume ya Ushindani, maana ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Siku ya pili hela ikarudi, nauli ndiyo ikapotea.

Kuhusu hologramu, niliazima kadi ya kweli kwa mwenzangu, nikaziweka zote mbili chini ya taa na kioo cha kukuzia. Maandishi ya ile feki yalikuwa makali kuliko ya orijino. Tangu hapo boksi silitazami.

Kipimo nilichotumia ni H2testw, programu ya bure ya Windows. Inaandika kadi nzima, kisha inasoma tena kila ilichoandika na kulinganisha. Ubaya wake ni muda. Kadi ya 128 kwa megabaiti 30 kwa sekunde ni zaidi ya saa nzima, hapo ni kuandika tu. Bodaboda gani atakusubiri?

Hapa ndipo ninapojivunia. Niliweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, na humo kuna F3, programu ya kupima kadi yenye kipimo kinachoitwa f3probe. Hicho hakijazi kadi. Kinajaribu sehemu sehemu na kugundua nafasi ya kweli inaishia wapi, kwa dakika chache. Kinaweza kuharibu vilivyomo, kwa hiyo mimi nakitumia kwa kadi mpya tu. Boda akifika naweka laptopu juu ya kiti cha plastiki getini, yeye anakunywa chai, mimi napima. Ikipita, nalipa. Usiku naipitisha kwenye H2testw kwa utulivu.

Sharti naliandika kabla ya kuagiza: "Nitaipima ikifika, nikiridhika nalipa. Ikifeli, nauli ya kwenda na kurudi ni juu yangu." Niliwatumia wauzaji sita. Wanne wakakaa kimya, mmoja akanitaka nilipe kwanza. Wa sita, dada mmoja mwenye fremu Kariakoo na wafuasi wachache tu, akajibu, "Pima mpaka uchoke kaka." Baadaye akaniambia na yeye aliwahi kuuziwa feki kwa jumla, akajua wateja walipoanza kurudi. Kwa hiyo si kila anayekuuzia feki anajua anachouza, na sharti hili linamfaa yeye pia.

Wanaoniuliza kuhusu simu feki: piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090 ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, lakini msiishie kwenye jibu kwamba namba ipo. Someni na aina ya simu inayotajwa kwenye jibu kama ndiyo mliyoshika, kwa sababu wapo wanaonakili IMEI ya simu halali na kuiweka kwenye feki.

Wiki iliyopita yule dada alinitumia kadi mbili. Moja ilifeli palepale getini. Nikampigia, akasema tu, "Mpe boda airudishe, pole kaka." Kabla ya magharibi nyingine ikawa imefika, imepita vipimo vyote viwili, na zote ziko kwenye begi kwa ajili ya harusi ya Bagamoyo Jumamosi hii.