Nilivyofundisha habari za Waigorot wa St. Louis bila picha

Darasa letu la Jumamosi hapa Missouri lina watoto wa familia za Kikongo na Kitanzania. Nilipowaeleza habari za Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo aliyeletwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya St. Louis mwaka 1904, nisingeweza kuwaruka Wafilipino. Wao walikuwa zaidi ya 1,000, wakiishi kwenye vijiji vilivyojengwa katika eneo la ekari 47 hivi, watu wakipita kuwatazama.

Kilichonisumbua ni vifaa vya kufundishia. Vinavyopatikana upesi ni picha, nazo nyingi zilipigwa ili ziuzwe: Waigorot (watu wa milima ya kaskazini mwa Ufilipino) wa eneo la Bontoc na winda zao, ngoma, mbwa. Kwao mbwa huliwa kwenye tambiko. Pale waliletewa mbwa mara kwa mara ili watazamaji wapate cha kusimulia. Ukitandaza picha hizo mbele ya watoto wa miaka 14, watacheka kama walivyocheka wenzao wa 1904.

Nikazifungia picha kabatini, tukafuata hela. Nani aliyelipia, na nani aliyekula?

Mlipaji mkubwa alikuwa serikali ya kikoloni ya Marekani huko visiwani Ufilipino; Marekani ilianza kupigana na Wafilipino mwaka 1899. Kwa kuwa hapakuwa na picha, watoto walichora ubaoni mpangilio wa eneo lile: huku Wanegrito (wenyeji wengine wa Ufilipino, wafupi na weusi) na Waigorot, wakiitwa washenzi, kule askari wa Kifilipino wenye sare na bendi yao, ikiongozwa na Walter Loving, Mmarekani mweusi. Mchoro ulipokamilika sikuhitaji kueleza sana. Mtazamaji aliyetoka huku kwenda kule alikuwa ameshahubiriwa kwamba ukoloni unastaarabisha. Hata hivyo mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na wakubwa wa Washington walipoona winda zinawatia aibu wakataka Waigorot wavalishwe suruali. Magazeti yakawacheka, wakaacha.

Somo lilichangamka tulipofika kwa Truman Hunt. Huyu alikuwa daktari, aliwahi kuwa mtawala huko Bontoc, na mwaka 1905 akaleta kundi la Waigorot 50 hivi kuwazungusha Marekani, Coney Island, eneo la burudani la New York, ikiwemo. Ahadi ilikuwa dola 15 kwa mwezi kwa kila mtu. Niliwaambia wapige hesabu ya mwaka mzima: dola 9,000, bila kugusa viingilio vya mlangoni. Hunt akazuia mishahara, akachukua hata vijisenti walivyopata kwa kuuza pete na vitu vya mikono yao.

"Kwa hiyo mwalimu, huyu alikuwa promota?" akauliza kijana mmoja wa nyuma.

"Promota tapeli," nikamjibu. Mwaka 1906 alikamatwa, na kesi ikafika mahakamani Memphis, ambako Waigorot wenyewe walisimama kutoa ushahidi dhidi yake. Akatiwa hatiani, ingawa baadaye aliachiliwa, jambo lililowakera watoto kuliko yote niliyosema siku ile.

Kipindi kilichofuata tuliingia Ghent, Ubelgiji, 1913. Kundi jingine la Waigorot lilikwama huko, njaa na baridi vikiwabana, na baadhi yao wakamwandikia barua Rais Wilson wa Marekani. Binti mmoja alitaka kujua walirudije kwao. Serikali ya Marekani ndiyo iliyowarudisha.