Tarumbeta kutoka kambini hadi kwenye jazi

Nilikulia katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Kambini hapo watoto wa Waacholi, Waiteso, Walugbara na Wasoga tulielewana kwa Kiswahili. Aliyenifundisha tarumbeta ni mzee mmoja wa bendi ya polisi, Mualuri kutoka Nebbi, ambaye hata baada ya kustaafu tuliendelea kumwita Afande. Alitufundisha kusoma noti, kuvuta pumzi hadi tumboni, na kushikilia noti moja ndefu mpaka iache kutetereka. Msingi huo naushukuru hadi leo. Lakini kwenye gwaride kila unachopuliza kimeshaandikwa. Kwenye jazi inafika zamu yako, bendi inapunguza sauti, na wote wanangoja useme la kwako.

Nilipoingia bendi ya jazi, kabla ya kufika huko ilibidi nipatane na gitaa. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: ukipuliza C yake, kwenye kinanda hiyo ni B flati. Wapiga gitaa nao wanapenda E na A, maana nyuzi zao zilizo wazi zinakaa vizuri humo. Wao wakiwa E, mimi niko F shapu, ufunguo wenye shapu sita, yaani noti sita za kupandishwa nusu sauti. Wakiwa A, mimi niko B, shapu tano. Bendi za matarumbeta hutulea kwenye funguo za flati, yaani zenye noti za kushushwa, kwa hiyo vidole vyangu havikuwa na njia huko. Nilichofanya ni kuchukua nyimbo fupi za kanisani ninazozijua kwa moyo na kuzipuliza katika funguo zote 12, bila karatasi, polepole sana. Ni kazi ya kuchosha na majirani walivumilia mengi, ila sijaona njia nyingine inayofundisha sikio na vidole kwa pamoja.

Suingi, ule mwendo wa kubembea wa jazi, haikunisumbua hata kidogo. Mtu aliyekua Buganda akisikia baakisimba, ngoma ya Waganda, kwenye kila harusi tayari anajua kwamba ndani ya pigo moja kubwa kuna madogo matatu. Nilimwomba mpiga dramu wetu anipigie mwendo huo kwenye tasa, ile sahani ya shaba, nami nikaupanda.

Solo, yaani ile zamu ya kusema la kwako, ndiyo iliyonichukua muda. Nilikuwa na noti nyingi na pumzi ya kutosha, lakini mtu akinisikiliza hakupata kitu cha kushika. Nikarudi kwa Afande. Akanieleza habari za agwara, tarumbeta za kwao West Nile, zinazopulizwa kwa ubavuni na kundi zima la watu. "Mwanangu," aliniambia, "kila mmoja pale ana sauti yake moja tu. Ukipuliza na ya jirani yako, wimbo unakufa." Amakondere, tarumbeta za jadi za makasri ya Buganda, Bunyoro na Tooro zinakwenda vivyo hivyo: hakuna mtu mwenye wimbo wote, wimbo unatoka katikati yao.

Tangu siku hiyo nilianza kufanya mazoezi ya kunyamaza. Bluzi, aina ya wimbo unaopigwa sana kwenye jazi, ina vipimo 12 (kila kipimo mapigo manne), vinne mara tatu: unasema, unarudia, unajibu. Nilijiwekea sharti la kupuliza vipimo viwili na kuacha viwili, nikimsikiliza mpiga besi anakwenda wapi. Kwanza niliimba kile ninachotaka kusema, kwa mdomo mtupu, ndipo nikakipuliza. Kisichoimbika nilikiacha. Nilimsikiliza sana Hugh Masekela, mpiga tarumbeta ambaye akiwa bado kijana huko Afrika Kusini alipokea tarumbeta iliyotumwa na Louis Armstrong, gwiji wa jazi wa Marekani. Sentensi zake ni fupi, na anakupa nafasi ya kuzimeza.

Onyesho letu la kwanza kama bendi kamili lilikuwa Kabalagala, hapo hapo Kampala, jioni ya mvua. Tarumbeta ikiwa baridi sauti hushuka, ikishika moto hupanda, hivyo niliipulizia pumzi ya moto bila kutoa sauti hadi zamu yangu, kisha kati ya nyimbo nikawa navuta bomba la kurekebishia sauti kidogo kidogo. Noti za juu niliziwekea akiba, kwa kuwa midomo ikichoka hairudi usiku huo. Kwenye bluzi ya pili nilipuliza noti tatu, nikaacha. Mpiga gitaa akazijibu. Nikazirudia nikibadilisha ya mwisho, saksafoni ikaingia chini yangu, na watu wa meza za mbele wakaanza kupiga makofi ndani ya yale mapengo, sawasawa na mwendo. Sijawahi kusikia raha kama ile nikiwa nimeshika tarumbeta bila kuipuliza.

Sasa tunatafuta mpiga tromboni. Nimeomba bluzi mbili zihamie F ili sisi wa shaba tupumue, na mpiga gitaa amekubali moja. Ya pili tutaijadili kwenye mazoezi ya Alhamisi.