Taj Mahal, mkulima wa bluzi

Wiki hii, kazi zikiisha na nyumba ikitulia, nimekuwa nikimsikiliza Taj Mahal. Sisemi lile kaburi la Agra. Nasema mwanamuziki, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, mwezi Mei 1942, akapewa jina la Henry St. Claire Fredericks. Hili la Taj Mahal alijipa mwenyewe ujanani, na mwenyewe husimulia kwamba lilimjia ndotoni, katika ndoto za Gandhi na India. Nimeanza na rekodi zake za mwanzo, nikaja nazo taratibu hadi za uzeeni, na jambo moja linanikaa kichwani: huyu mzee alikuwa mkulima kabla hajawa mwanamuziki, na nadhani hakuacha kamwe kuwa mkulima.

Alikulia Springfield, Massachusetts, na nyumba yao ilikuwa shule tosha. Baba alikuwa mpiga piano na mpangaji wa muziki wa jazi, asili yake visiwa vya Karibi. Mama alikuwa mwalimu wa shule kutoka South Carolina, na akiimba injili. Sebuleni kulikuwa na sahani za santuri na redio ya masafa mafupi, kwa hiyo mtoto alisikia dunia nzima ikikoroma na kufifia kama tulivyoisikia wengi wetu. Kisha baba akafa kazini, ajali ya trekta, mtoto angali mdogo. Gitaa likaingia nyumbani pamoja na baba wa kambo, na kijana wa jirani aliyehamia kutoka North Carolina akamwonyesha namna ya kulishika.

Sasa shamba. Akiwa kijana aliajiriwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Palmer, si mbali na Springfield, na kufikia umri wa miaka 19 alikuwa msimamizi, mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kwenda kukamua. Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alikwenda kusomea ufugaji. Hii si habari ya kupitisha tu kama pambo la wasifu. Katika miaka ile ya 1960 vijana wengi wa mjini, weupe zaidi, walikuwa wamezigundua bluzi za zamani, zile nyimbo za Wamarekani weusi wa kusini, na walizishika kwa uangalifu kama vyungu vya makumbusho: noti kwa noti, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Taj aliziona kama mbegu. Mbegu ya bibi haiwekwi kwenye kabati la kioo. Inapandwa, na mwaka wa mvua nyingi inatoka na majani tofauti.

Sikilizeni "Fishin' Blues". Henry Thomas, mzururaji wa Texas, aliirekodi mwaka 1928. Taj aliiweka kwenye "De Ole Folks at Home" ya 1969, albamu ambayo yuko peke yake na vyombo vyake vichache: gitaa, banjo, harmonika. Hamuigi Thomas. Anaimba kama mtu ambaye ndoana iko majini kweli na hana haraka ya kurudi mjini. Albamu hii iliuzwa pamoja na nyingine, "Giant Step", yenye bendi na gitaa la umeme, na mara nyingi nimewasikia watu wakiuliza ipi ndiyo Taj halisi. Swali hilo halina faida, ila mimi nikilazimishwa kuchagua nachukua ile ya peke yake bila kufikiri.

Njia yake ya kurekodi haikuanza vizuri. Alihamia Los Angeles katikati ya miaka ya 1960, akaunda bendi ya Rising Sons pamoja na mpiga gitaa Ry Cooder, ambaye alikuwa bado kijana mdogo sana. Bendi ya weusi na weupe, ikipiga bluzi na roki. Kampuni ya kurekodi ya Columbia iliwachukua, ikatoa santuri moja ndogo, kisha ikaziweka rekodi zao kabatini. Zilitoka kama albamu mwaka 1992! Columbia hiyohiyo ndiyo iliyotoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1968, yenye jina lake tu, na humo anapiga Jesse Ed Davis, mpiga gitaa wa Oklahoma wa ukoo wa Wakiowa, wenyeji wa asili wa Marekani. Wimbo wao wa "Statesboro Blues", uliorekodiwa kwanza na Blind Willie McTell mwaka 1928, una kisa kinachopendwa. Duane Allman, mpiga gitaa wa bendi ya Allman Brothers, alikuwa mgonjwa wa mafua siku yake ya kuzaliwa. Ndugu yake Gregg akampelekea albamu hiyo na chupa ya vidonge vya mafua. Duane alimsikia Davis akitelezesha chuma juu ya nyuzi, akamwaga vidonge, akavaa chupa kidoleni, akaanza kujifunza. Mtindo mzima wa roki ya kusini mwa Marekani umepita kwenye ile chupa.

Upigaji wa Taj mwenyewe ni wa ajabu kidogo. Wengi huongoza kwa dole gumba na kidole cha shahada. Yeye anatumia dole gumba na kidole cha kati, na gumba lake ni zito, linatembea bila kuchoka huku sauti za juu zikichomoza zinapopenda. Sauti yake nayo ni ya mchanga. Hunguruma, huguna, mara akacheka katikati ya ubeti, mara akaacha maneno kabisa akabaki kuvumisha sauti midomo imefumba. Hana haja ya kupaza. Katika "She Caught the Katy", ya 1968, aliyotunga pamoja na mkongwe Yank Rachell, mwanamke kapanda treni kaenda zake, mwanamume kaachiwa nyumbu wa kupanda, na bado anampenda. Mtu mwingine angelia. Taj anaimba kama anayesema, basi, angalau nyumbu yupo.

Halafu kuna matuba. Februari 1971, katika ukumbi wa Fillmore East huko New York, alipanda jukwaani na wapiga tuba wanne wakiongozwa na Howard Johnson. Tuba, yale matarumbeta makubwa ya bendi za gwaride! Albamu ni "The Real Thing", na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote ingawa si ninayoisikiliza mara nyingi. Inayumba kama jahazi lililopakiwa kupita kiasi. Lakini ndani yake unasikia bendi za barabarani za New Orleans, na unaelewa kwamba kwake bluzi haikuwa ya gitaa peke yake.

Watu wake mwenyewe hawakumfuata sana wakati huo. Vijana weusi wa Marekani walikuwa na muziki wa soul, walikuwa na James Brown, na bluzi za shambani zilinuka pamba, ubaguzi na njaa ambayo wazazi wao waliikimbia kusini. Siwalaumu. Kwa hiyo ukumbini kwake wengi walikuwa weupe. Naye badala ya kuganda, mwaka 1974 akatoa "Mo' Roots" yenye rege na Karibi ya baba yake, wakati masoko makubwa ya Marekani hayajaizoea rege. Kampuni hazikujua zimweke rafu gani. Miaka ya 1980 alihamia Kauai, Hawaii, na kwa muda mrefu hakutoa albamu kubwa. Alivua samaki, akapiga muziki na wenyeji, na baadaye akawa na bendi ya huko, Hula Blues Band.

Nafika ninapotaka kufika. Mwaka 1999 alitoa "Kulanjan" pamoja na Toumani Diabaté, bingwa wa kora, kinubi cha Afrika Magharibi, kutoka Mali, na kundi la wanamuziki wa Mali, akiwemo Bassekou Kouyaté kwenye ngoni, chombo cha nyuzi kinachohesabiwa kuwa ndugu wa banjo. Waliirekodi Athens, Georgia. Inafunguliwa na "Queen Bee", wimbo wake wa zamani, na mwimbaji Ramatou Diakité anamjibu kwa sauti inayokata. Hakuna anayempisha mwingine kwa adabu. Wanaingiliana kama ndugu wanaokatizana mazungumzo.

Miaka sita baadaye ikaja ya kwetu: "Mkutano", na Culture Musical Club ya Zanzibar, kikundi cha taarab kilichoanza mwaka 1958. Nilitaka sana kuipenda kuliko ile ya Mali. Siipendi kuliko. Fidla, kanuni, udi na akordioni husafiri pamoja katika lahani moja ndefu, kila chombo kikiipamba kwa namna yake. Bluzi ya Taj hupumua vingine: sauti inasema, gitaa linajibu, halafu panabaki nafasi tupu ambayo ndiyo utamu wenyewe. Hapa ile nafasi inajazwa, kwa uzuri mwingi, lakini inajazwa. Wenyeji na mgeni wanakaribishana sana.

Nilimwekea Ami, ambaye alipiga fidla ujana wake wote, "Catfish Blues" kutoka albamu hiyo. Ni wimbo wa Mississippi. Robert Petway aliurekodi mwaka 1941, na Muddy Waters akaufanyia wake mwaka 1950. Ami alisikiliza kwa heshima, kichwa ameinamisha.

"Mbona amekaa palepale, mwanangu? Hahami?"

"Ndivyo ilivyo, Ami. Hahami."

"Aa." Akanyamaza kidogo. "Basi na wale fidla wangekaa naye."

Sijasoma uhakiki wa albamu hiyo uliosema vizuri zaidi ya hapo. Na bado nafurahi kwamba ipo. Taj alikuwa amepita miaka 60, angeweza kuzunguka na nyimbo za 1968 hadi mwisho, na watu wangelipa.

Tuzo zimekuja baadaye: Grammy kadhaa, na mwaka 2006 jimbo la Massachusetts likamtangaza rasmi kuwa msanii wake wa bluzi, cheo ambacho sidhani kina mshahara. Mwaka 2022 akakaa tena na Ry Cooder, zaidi ya miaka 50 baada ya Rising Sons, wakarekodi "Get on Board", nyimbo za wakongwe wawili wa bluzi, Sonny Terry na Brownie McGhee. Wazee wawili wanagongagonga na kucheka, kuna makosa mle, hawakuyafuta. Ilishinda Grammy nayo.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, nitampa "De Ole Folks at Home" kwanza, kisha "Kulanjan". "The Real Thing" aisubiri mpaka majirani wamesafiri.