Umra na bi mkubwa: anzeni Madina, Makka baadae

Asalam aleykum ndugu zangu, nimerudi umra, ile hija ndogo ya Makka, na mama yangu alhamdulillah, na kwa vile wengi mnaniuliza inbox mnataka kuwapeleka wazee wenu nimeona niandike hapa hapa kwa faida ya wote.

Kwanza kabisa anzeni Madina. Sisi tulitoka Dar tukaunganisha ndege tukashukia Madina na nguo zetu za kawaida, bi mkubwa akalala akapumzika miguu ikapungua kuvimba, ndo tukaanza kwenda msikitini taratibu. Ukishukia Jeddah kwa nia ya umra inabidi uwe umeshaingia kwenye ihramu (hali ya ibada na mavazi yake) huko huko angani kabla hamjapita miqati, yaani mpaka ambao mwenye nia ya umra haupiti bila ihramu, halafu mzee kachoka na safari na bado ana twawafu (kuzunguka Kaaba mara 7) na sa'yi (kwenda na kurudi kati ya vilima vya Safa na Marwa) mbele yake, kwa kijana sawa ila kwa mama wa miaka 70 na magoti yake mimi siafiki hata kidogo. Ukitokea Madina miqati yenu ni Dhul Hulayfa, watu wanapaita Abyar Ali, ni nje kidogo tu ya mji, basi linasimama mnakoga mnavaa mnaswali rakaa mbili mnatia nia, Labbayka Allahumma umra, safari ya kama kilomita 450 inaanza. Kuna na treni ya Haramain inaenda kasi sana ila haisimami miqati, kwa hiyo ihramu mnavaa hotelini, na stesheni ya Makka iko mbali na Haram, yaani Msikiti Mtukufu wenye Kaaba, mtahitaji taksi.

Raudha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, usiende kichwa kichwa, siku hizi unaomba nafasi kwenye apu ya Nusuk, apu ya Saudia ya mahujaji, na wanaume wana saa zao wanawake saa zao, mama ataingia bila wewe kwa hiyo mtafutie dada wa kuongozana nae. Ombeni mapema, nafasi zinaisha.

Sasa hoteli. Jamani msidanganywe na nyota. Wakala atakwambia hoteli nzuri ina basi la bure kwenda Haram, lakini saa za swala barabara zinafungwa zinajaa watu na lile basi linawashusha mbali, mzee anatembea juani na Makka joto linavuka 40 kiangazi. Bora chumba kidogo cha kawaida ila mnatoka mlangoni mnaona minara. Muulizeni wakala mita ngapi kutoka uwanja wa Haram, akuandikie, na uangalie mwenyewe kwenye ramani kabla hujalipa.

Wilchea chukueni hata kama mzee anasema anaweza. Sa'yi peke yake, Safa na Marwa mara 7, ni zaidi ya kilomita 3! Wasukumaji rasmi wapo wana vizibao vyao, mpatane bei kabla hajakaa. Wilchea nyingi zinapelekwa ghorofa za juu, na kule mzunguko wa twawafu ni mrefu zaidi kuliko chini karibu na Kaaba ila hakuna kusukumana. Mama yangu alizunguka zote 7 anasoma dua zake ametulia, mimi pembeni yake machozi tu.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo wachomwe angalau siku 10 kabla ya kufika na cheti mtembee nacho. Dawa za presha na sukari ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Mkubaliane mlango mmoja wa Haram wa kukutania mkipotezana, sisi ulikuwa wa Mfalme Fahd namba 79, na namba yako ya simu mwandikie mama kwenye karatasi aivae shingoni maana simu inaisha chaji.

Na zamzam msijaze kwenye machupa mkatia ndani ya mabegi, watayatoa uwanja wa ndege. Inauzwa pale pale kwenye katoni la lita 5, ulizeni tu shirika lenu la ndege wanaruhusu mangapi kwa kila abiria.